Saada Alikwenda Wapi? Washairi wa Kiswahili na Hoja ya Kukomesha Utumwa

Katika kozi ya historia ya fasihi ya Kiswahili huzuka kila mwaka swali ambalo walimu wengi wa lugha hii nchini Uganda wanalifahamu. Mwanafunzi huinua mkono na kuuliza: je, Kiswahili si lugha ya watu waliouza watumwa? Na kama washairi wake walikuwa wacha Mungu na wenye hekima kama tunavyofundishwa, walisema nini juu ya biashara hiyo? Sehemu ya kwanza tumezoea kuijibu haraka: lugha haiuzi mtu, watu ndio huuza watu. Sehemu ya pili ni nzito zaidi, na aghalabu tunaikwepa kwa kisingizio cha muda kwisha. Makala haya yanakusudia kuishughulikia hiyo ya pili.

Mwanafunzi aliyepitia fasihi ya Kiingereza huja na mifano mkononi. Mwaka 1787 iliundwa London kamati ya kupigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Mwaka uliofuata William Cowper akatunga shairi ambamo msemaji ni mtumwa mwenyewe. Kamati ikalipiga chapa kwenye karatasi nzuri na kulisambaza ili liwe jambo la kuzungumzwa mezani wakati wa chai. Hannah More alitoa shairi lake mwaka huohuo wa 1788, na Longfellow wa Marekani akatoa diwani nzima juu ya utumwa mwaka 1842. Kabla yao wote alikuwapo Phillis Wheatley, mtoto aliyetekwa Afrika Magharibi na kuuzwa Boston mwaka 1761, ambaye mashairi yake yalichapishwa London mwaka 1773. Baada ya kuwataja hao mwanafunzi huuliza: na sisi wetu yuko wapi?

Jibu la kweli ni kwamba katika tenzi na mashairi ya karne ya 19 tunayoyafundisha, hakuna hata moja linalotoa hoja ya kukomesha utumwa. Ni afadhali tuliseme hilo waziwazi. Lakini hatuna budi kuuliza pia iwapo swali limeulizwa vizuri. Cowper alikuwa na kamati, mitambo ya kupiga chapa, na bunge lililokuwa likijadili jambo hilohilo. Alikuwa na wasomaji waliokaa maelfu ya maili kutoka kwenye mashamba ya miwa, wakinywa chai iliyotiwa sukari ya mashamba hayo. Mtumwa wake wa shairini hana jina wala mama, na anazungumza Kiingereza cha Cowper. Shairi hilo lilifanya kazi nzuri, sikatai. Hata hivyo lisitumike kuwa kipimo pekee cha jinsi fasihi inavyoweza kushughulika na dhuluma.

Tuzingatie mazingira ya washairi wetu. Mshairi wa Pate, Lamu au Mombasa aliandika kwa hati za Kiarabu, kazi yake ikanakiliwa kwa mkono na kughaniwa katika nyumba za wenye mali. Nyumba hizo ziliendeshwa na watumwa. Karne ya 19 ndiyo iliyokuwa karne ya karafuu Unguja na Pemba, na ya mashamba ya nafaka huko Malindi, na mashamba hayo yote yalilimwa kwa jasho la watumwa. Mshairi alikula katika sahani hiyo.

Liko pia jambo la pili ambalo wanafunzi wetu hulisahau. Hoja ya kukomesha utumwa haikufika pwani ikiwa shairi. Ilifika ikiwa manowari. Mkataba wa Moresby ulitiwa saini mwaka 1822, wa Hamerton mwaka 1845, na mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja, baada ya kutishiwa kwamba kisiwa chake kingezingirwa na jeshi la majini la Uingereza. Mwaka 1888 Wajerumani na Waingereza waliizingira pwani kwa meli zao, na bendera waliyoipeperusha mbele ya ulimwengu ilikuwa ni hiyohiyo ya kuzuia biashara ya watumwa. Nyuma ya bendera hiyo palikuwa na kunyakua nchi. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alipotunga utenzi wake juu ya vita hivyo, alivitaja kuwa ni vita vya Wadachi kutamalaki Mrima. Katika hali hiyo, mshairi ambaye angesimama kumtetea mtumwa angeonekana anazungumza kwa kinywa cha mvamizi. Hili halimsamehi mtu, lakini linatusaidia kufahamu kwa nini kimya kilikuwa kirefu hata miongoni mwa wanazuoni waliojua vyema kwamba Kurani, katika Surat al-Balad, inamtaja anayemwacha mtumwa huru miongoni mwa wale waliopanda njia ya mlimani. Kumwacha mtumwa huru lilikuwa jambo la thawabu. Kuuondoa utumwa wote kwa sheria lilikuwa jambo jingine kabisa.

Basi, ikiwa hoja haikutolewa waziwazi, je, haikuwapo? Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema kwamba ushairi wa kale hauna la kutuambia juu ya utumwa. Wanaangalia mada na kusahau wahusika. Watumwa wamejaa katika tenzi zetu. Wanabeba chakula, wanapepea, wanapeleka habari. Ni sisi tusiowasoma.

Tuanze na Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo 1858. Kila mwanafunzi wetu anajua kwamba mama huyu, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alimtungia binti yake wosia juu ya dini, adabu na unyumba. Maswali ya mtihani huhusu nafasi ya mke mbele ya mume. Wapo wahakiki walioona kejeli ndani ya wosia huo, na mjadala wao ni mzuri. Lakini mama huyohuyo anamuonya binti asichangamane na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Ushauri huo sijauona ukiulizwa katika karatasi yoyote ya mtihani. Nao si wa pembeni! Binti anayeagizwa kumpepea mume, kumpaka manukato na kumkanda anaishi katika nyumba ambayo kuna mtu mwingine anayechota maji, anayetwanga na anayepika. Utiifu wa mke katika utendi huu umejengwa juu ya utumwa wa mwanamke mwingine. Msomaji anayemhurumia binti bila kumwona huyo aliye jikoni amesoma nusu ya utendi.

Na kwa nini mama amuonye binti asichangamane nao? Hakuna anayekataza jambo lisilotendeka. Katika nyumba za Lamu na Pate watoto wa waungwana walilelewa na wajakazi, wakasikia hadithi na nyimbo kutoka kwao. Mpaka uliotakiwa kuwekwa ulikuwa ukivukwa kila siku, na ubeti wa Mwana Kupona ni ushahidi wa hofu hiyo.

Sasa tuje kwa Saada. Katika Utendi wa Fumo Liyongo, aliouandika Muhammad Kijumwa wa Lamu mnamo 1913, shujaa amefungwa gerezani kwa hila za mtawala wa Pate. Mama yake anampelekea chakula kila siku kwa mkono wa kijakazi aitwaye Saada. Chakula kizuri walinzi wanakila wao. Ndipo Liyongo anapomtuma Saada kwa mama yake, kwa wimbo ambao walinzi wanausikia wasiuelewe: uandaliwe mkate wa wishwa, na ndani yake itiwe tupa. Walinzi wanaudharau mkate wa makapi, wanamwachia mfungwa. Siku ya ngoma ya gungu, matoazi na pembe zikivuma, Liyongo anakata minyororo na kutoka.

Tumeusifu werevu wa Liyongo kwa miaka mingi, na ni haki yake. Lakini hebu tuangalie kazi ilifanywa na nani. Wimbo ule haukuandikwa. Saada aliusikia, akaushika kichwani, akaubeba mbele ya walinzi wenye silaha, akaufikisha neno kwa neno kwa mama mtu. Kesho yake akarudi na mkate. Lau angekosea au angesaliti, pasingekuwa na utendi. Kwa kadiri ya kisa chenyewe, Saada ndiye mghani wa kwanza wa shairi la Liyongo, na ndiye aliyeelewa kwamba shairi linaweza kukata chuma. Baada ya mkate kufika, hatumsikii tena. Liyongo yuko huru mwituni. Saada, tuchukulie, amerudi jikoni.

Hapa inafaa kulitazama neno lenyewe. Mtumwa ni nomino iliyotokana na kitenzi kutuma katika hali ya kutendwa: ni aliyetumwa. Mzizi huohuo umetupa mtume, na mtumishi, na utumishi wa umma ambao wengi wetu tunautafuta. Wanafunzi wetu wasemao Luganda hukisikia kitenzi hicho mara moja, kwa maana wanacho okutuma, lakini kwao mtumwa ni omuddu, na mjakazi ni omuzaana, maneno yasiyohusiana na kutumwa kokote. Katika Kiswahili, Saada ni mtumwa kwa maana zote mbili. Ametumwa, na anamilikiwa. Mshairi ameitumia maana ya kwanza kujenga kisa chake na kuiacha ya pili ilivyo, kana kwamba ni hali ya hewa.

Na tarehe inatia uzito. Sheria ya kuondoa utumwa katika pwani ya Kenya ilipitishwa mwaka 1907. Kijumwa aliandika miaka sita baadaye, katika mji ambamo wanawake waliokuwa jana wajakazi wa majumba walikuwa wakipita mitaani wakiwa huru mbele ya sheria. Sidai kwamba alikusudia kutoa hoja. Ninachosema ni kwamba alichagua kumwachia Saada jina na kazi, wakati askari waliomlinda Liyongo hawana majina ya kukumbukwa. Kwa utendi wa mashujaa, hilo si jambo dogo.

Mjadala halisi wa kimaadili, kwa maoni yangu, uliendeshwa ndani ya neno moja: muungwana. Leo tunalifafanua darasani kuwa ni mtu mwenye adabu, na wanafunzi hulitafsiri uungwana kuwa obuntubulamu. Tafsiri hiyo ni nzuri ila inaficha jambo. Obuntubulamu ni utu kamili, na kinyume chake ni kukosa utu. Muungwana wa zamani kinyume chake kilikuwa mtumwa. Neno lilimaanisha aliyezaliwa huru, mwenyeji wa mji, mwenye ukoo unaojulikana. Hata aliyeachwa huru hakuwa muungwana. Alikuwa huru tu, ngazi ya chini yake. Adabu iliongezwa juu ya nasaba, kana kwamba tabia njema huzaliwa katika nyumba fulani.

Wakati huohuo Waswahili wana msemo kwamba uungwana ni vitendo. Msemo huu tunauandika ubaoni kama pambo, ilhali ni hoja kali. Ukikubali kwamba uungwana ni vitendo, umevunja ukuta wote. Kwa maana mtumwa anaweza kutenda, na bwana anaweza kukosa. Na watumwa wenyewe waliudaka ubishi huo mapema. Katika misafara iliyotoka pwani kwenda bara, wapagazi na askari walijiita waungwana, na wengi wao mbele ya sheria ya Unguja walikuwa watumwa wa watu. Walivaa kanzu, walizungumza Kiswahili, walikwenda mbali na macho ya mabwana, wakajipa jina. Wafuasi wa Tippu Tip waliofika Kongo ya mashariki waliacha jina hilo hadi kwenye lugha: Kiswahili cha huko kiliitwa Kingwana, lugha ya waungwana. Nami huona kuwa hakuna hati ya ukombozi inayoishinda hiyo kwa ujasiri, ingawa waungwana haohao waliteka watu wengine njiani. Historia haituachii kisa kisafi.

Alipokuja mtu wa kuandika waziwazi juu ya kukomeshwa kwa utumwa, hakuwa mshairi. James Mbotela alichapisha Uhuru wa Watumwa mwaka 1934. Ni kitabu cha nathari, juu ya watu waliotekwa, waliokolewa baharini na kuwekwa Freretown karibu na Mombasa, mji uliopewa jina la Sir Bartle Frere. Lugha yake ni tamu na nyepesi. Udhaifu wake ni kwamba uhuru ndani yake ni kitu kinachotolewa na mtu kupewa mtu: Mwarabu anafunga, Mwingereza anafungua, na Mwafrika anashukuru. Mbotela alikuwa mtoto wa jumuiya hiyo na shukrani yake haikuwa ya kujifanya. Lakini sheria ya Unguja ya tarehe 6 Aprili 1897, iliyoletwa kwa shinikizo la Waingereza haohao, iliwalipa fidia mabwana, si watumwa. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuuomba uhuru. Masuria waliachwa nje kabisa hadi mwaka 1909. Huko Tanganyika utumwa uliondolewa kisheria mwaka 1922. Ukisoma Mbotela peke yake, hutajua kwamba mlango ulifunguliwa nusu.

Jibu la kishairi lilitoka mahali ambapo wasomi hawakutazama. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, katika familia yenye asili ya utumwa. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Sheria ya 1897 ilimkuta kijana wa miaka kama 17. Aliuza vyungu, akaenda mjini mnamo 1911, akajifunza kuimba, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Mjini alisimangwa kwa nyimbo: sura yake, ushamba wake, asili yake. Jibu lililohusishwa naye linajulikana hadi leo pwani nzima, nalo kwa ufupi linasema kwamba sura na nasaba havimpi mtu cheo akiwa akili hana.

Tafadhali, ndugu msomaji, lilinganishe jibu hilo na wosia wa Mwana Kupona. Kati yao ni kama miaka 70 hivi. Mmoja anamwambia binti wa muungwana jinsi ya kujitenga na watumwa. Mwingine, mtoto wa watumwa, anaimba mbele ya masultani na kulikataa neno nasaba kama kipimo cha mtu. Huu ndio mjadala wa kimaadili wa utumwa katika ushairi wa Kiswahili. Ulifanyika kwa kuchelewa, baada ya sheria, kwa sababu sheria iliondoa umilikaji lakini haikuondoa dharau. Dharau ndiyo iliyobaki kuwa kazi ya washairi. Shaaban Robert alimwandikia Siti wasifu, naye hakuwa mtu wa kumwandikia kila mtu wasifu. Alitambua kwamba mwanamke huyu amefikisha hoja ambayo tenzi za kale ziliishia mlangoni pake.

Wahusika hawa wanaendelea. Adam Shafi, katika Kasri ya Mwinyi Fuad ya mwaka 1978, anamweka katika nyumba ya bwana shamba wa Unguja mtumishi aitwaye Kijakazi, ambaye utiifu wake kwa bwana unaendelea hata mapinduzi ya 1964 yanapobisha hodi. Wanafunzi humkasirikia. Mimi huwaambia wamsome pamoja na Saada. Na sasa tunayo Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, ambamo kijana Yusuf anatolewa na baba yake kwa tajiri kuwa rehani ya deni. Ilichapishwa mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobel, na inatuonyesha kwamba kati ya mtumwa na muungwana palikuwa na vyumba vingi vya giza.

Haya yote yanatuhusu sisi tulioko Kawempe kuliko wanavyodhani wenzetu wa pwani. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Watoto watakaofundishwa wanatoka katika nyumba ambamo Kiswahili kinakumbukwa kwa askari na kwa biashara ya watu. Kumbukumbu hiyo ina msingi. Wafanyabiashara wa Unguja walifika katika kasri la Kabaka Suna II katikati ya karne ya 19 wakiwa na nguo na bunduki, wakarudi na pembe na watu. Lakini watu hao waliuzwa na nani? Buganda ilikuwa na abaddu na abazaana wake kabla ya msafara wa kwanza. Mwalimu akiwaficha watumwa wa Mwana Kupona, hawezi kuwa na uso wa kuwauliza wanafunzi juu ya watumwa wa ikulu.

Muhula ujao, katika kozi ya ushairi ya mwaka wa pili, nitaanza na Saada kabla ya Liyongo, na ubeti wa watumwa kabla ya beti za unyumba. Wanafunzi watapewa pia nyimbo mbili za Siti, zisikilizwe kwanza ndipo zisomwe. Wenzangu idarani wanaoona kwamba huku ni kuzivua nguo tenzi zetu mbele ya wageni wana nafasi ya kunijibu katika toleo lijalo, na ningependa hasa kusikia kutoka kwa wale waliolelewa Lamu.